Mto wa Maharage wa Fausta

Wewe uliyerithi meza yangu pale kliniki, vuta kiti usogee. Utakuwa umeshagundua kwamba mguu mmoja wa meza hiyo ni mfupi, na chini yake kuna kipande cha kandambili. Usikitoe. Nilikikuta, nimekiacha, na kila aliyejaribu kuweka kitu cha maana zaidi alimwaga chai.

Wenzako wameniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nitaandika kama ninavyozungumza, polepole. Ukiona naeleza jambo ulilokwisha kulielewa, nivumilie. Nimefanya kazi miaka mingi na watu wanaohitaji kuambiwa jambo zaidi ya mara moja, na mwisho nimezoea kuwaambia hivyo watu wote, hata makondakta. Vyeo sitavieleza. Cheo changu kilibadilika kila bango lilipopakwa rangi upya, na kazi ikabaki ileile: kukaa sakafuni na mtoto.

Nilifika Mbulu nikitokea Singida, na sweta moja jepesi ambalo mwenye nyumba wangu aliliangalia akaniuliza kama mizigo mingine inakuja nyuma. Kliniki ilikuwa vyumba vitatu vilivyowahi kuwa duka. Kazi yetu ilikuwa kuwasaidia watoto na watu wazima ambao ubongo wao unafanya kazi kwa njia yake: wenye usonji, wasioweza kutulia, wenye shida ya kusoma au ya kusema, pamoja na familia zao. Lakini kwenye bango nje palikuwa na maneno "ustawi wa jamii", na watu wakajua moja kwa moja kwamba ile ni ofisi ya kusuluhisha ndoa.

Kwa hiyo wateja wangu wa kwanza walikuwa mume na mke kutoka Endagikot. Mume alikuwa amemwahidi mjomba wake ng'ombe mtamba bila kumwambia mkewe. Nikawaeleza kwa adabu kwamba mimi si mtu wa ndoa, mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo.

"Ni sawa kabisa," mke akasema. "Huyu maneno tumeshamwambia sana."

Aliyeniokoa ni Dada Agripina, mwanzilishi wa kliniki, Mhaya mmoja mpole mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kumrudisha mtu mlangoni. Wakati ule alikuwa anafunga bembea ya tairi kwenye boriti ya chumba cha nyuma, na kamba ya ng'ombe ilikuwa inamshinda. Akampa mume ncha moja, mke ncha nyingine. Wakabishana kuhusu fundo. Mke akasema mume wake hajawahi kufunga kitu kikafungika, hata ndama. Mume akasema basi afunge yeye. Akafunga. Wakanywa chai, wakaondoka wakiongea, na mtamba sijui aliishia wapi. Bembea ile ipo mpaka leo, na fundo ni la yule mama.

Dada Agripina ndiye aliyenifundisha kazi, na sheria yake kubwa ilikuwa moja: usipeleke nyumbani kwa mtu kifaa ambacho nyumba hiyo haiwezi kujipatia. Aliijua sababu. Zamani walikuwa wakigawa midoli ya plastiki ya rangi rangi iliyoletwa na wafadhili. Wakirudi baada ya muda, midoli imepangwa kwenye kabati la vyombo, juu yake kitambaa cha kudarizi, na mtoto amekatazwa kuigusa kwa sababu ni mali ya kliniki. Tangu hapo tulitumia vya nyumbani: brashi ya kufulia kwa mtoto anayependa kusuguliwa ngozi, khanga ya kumviringisha anayetaka kubanwa, beseni la mahindi la kuchezea vidole. Sheria nzuri sana. Itunze akilini, maana nitairudia, na itakuwa imechafuka kidogo.

Tulikuwa pia tunashuka Hanang, siku za mnada. Huko Nangwa alitujia Mzee Gidamis, mfugaji, na mwanawe ambaye alikuwa mkubwa lakini hajawahi kusema neno. Mzee hakukaa. Aliegemea fimbo yake.

"Mna dawa?"

"Shikamoo, mzee. Dawa hatuna."

"Marahaba. Sindano?"

"Hatuna, mzee. Huu si ugonjwa."

"Sasa mmekuja na gari zima mna nini?"

Dada Agripina akamwambia tumekuja kumfundisha kusubiri. Unamwambia mtoto maneno machache, yaleyale, halafu unanyamaza, unamwachia nafasi ya kujibu kwa njia yoyote, hata kwa jicho. Wengi wetu tunauliza na kujibu wenyewe, mtoto anaona hahitajiki. Mzee akafikiri.

"Ng'ombe nawangoja siku nzima, na hakuna hata mmoja anayenisalimia," akasema. "Huyu ni wangu. Nitamngoja."

Akamngoja kweli. Yule kijana mpaka leo hasemi, lakini ana ishara zake, na baba yake anazijua zote na kuzitafsiri, nyingine nadhani anaziongezea chumvi.

Sasa nifike kwa Fausta, maana ndiye niliyetaka kukuhadithia tangu mwanzo.

Fausta alikuwa binti mdogo wa kijiji cha Bashay, akiishi na bibi yake, Bibi Pascalina, mwanamke mfupi mwenye shamba zuri na majibu mafupi. Alikuwa na usonji. Maneno alikuwa nayo machache na hakuyatumia ovyo. Alikuwa ameandikishwa darasa la kwanza, lakini hakukaa. Somo likianza tu, anasimama, anazunguka dawati, anatoka, anazunguka nguzo ya bendera, anarudi, anatoka. Mwalimu wake, Upendo, alikuwa na darasa lililojaa mpaka dirishani, na kila Fausta alipotoka, kuna wenzake waliokwenda kumsaidia kuzunguka.

Mwalimu Mkuu, Elifuraha, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mistari. Mistari ya wanafunzi, mistari ya miti, mawe yaliyopakwa chokaa. Aliniita akaniambia wazi.

"Madam Hadija, mimi sina ugomvi na mtoto. Lakini siku ya kikao cha wazazi nitaulizwa. Asubuhi ya siku hiyo nitaingia darasani mwenyewe. Akikaa somo moja, anabaki. Asipokaa, bibi yake amtafutie shule inayomfaa."

Shule inayomfaa ilikuwa mbali, ya bweni, mkoa mwingine. Fausta alikuwa hawezi kulala kama bibi yake hajalala upande wa ukutani. Sote tulijua kwamba shule inayomfaa maana yake ni kubaki nyumbani, na akibaki nyumbani hakuna atakayemfundisha kusoma.

Nikwambie kwa nini mtoto kama huyu hakai. Wewe unapokaa, mwili wako unakuarifu kimyakimya kwamba umekaa, miguu ipo, makalio yapo. Kwa Fausta taarifa hiyo ilikuwa hafifu, kwa hiyo alikuwa anatembea ili ajisikie yupo. Ukimwekea kitu kizito mapajani, mwili unapata habari, unatulia. Hata wewe Mbulu mwezi wa saba ukipewa shuka jepesi unagaagaa, ukipewa blanketi zito unalala. Ni jambo lilelile.

Tulihitaji mto wenye uzito wa kuku aliyenona. Na kwa sheria ya Dada Agripina, ujazwe kitu kinachopatikana nyumbani. Nyumbani kwa Bibi Pascalina kulikuwa na maharage. Nikashona mfuko wa kitenge, tukaujaza maharage, nikamwekea Fausta mapajani pale kwenye kigoda. Aliupapasa, akauangalia, akakaa. Bibi alimaliza kukoboa mahindi na mtoto bado amekaa. Bibi hakusema kitu, ila alinipa kuku, na kwa Bibi Pascalina hiyo ilikuwa hotuba.

Niliporudi tena, mfuko ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya kabati.

"Shikamoo, bibi. Maharage ya mto yako wapi?"

"Marahaba. Yako shambani."

"Shambani yamefuata nini?"

"Mvua imenyesha, mwanangu. Yalikuwa mbegu nzuri. Ulitaka niyaache yakae kwenye magoti?"

"Na Fausta yuko wapi?"

"Yuko nayo."

Nikaenda shambani. Fausta alikuwa amekaa kwenye tuta, juu ya ule mstari hasa uliopandwa, ametulia tuli, akisubiri. Ningekuwa mwerevu ningejifunza kitu pale pale: mtoto huyu haachi mto wake, popote utakapokwenda atakwenda. Lakini nilikuwa nimeshika tumbo kwa kucheka, na nikicheka huwa sijifunzi.

Tukajaza maharage mengine. Bibi akaahidi hayatapandwa, na yeye akiahidi ameahidi. Akaushona mdomo wa mfuko mwenyewe, mshono wa karibu karibu kama wa gunia la kupeleka mnadani. Fausta akaanza kwenda nao shuleni. Mwalimu Upendo alinipigia simu siku ya kwanza, sauti ya chini kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Madam, amekaa."

"Amekaa kweli?"

"Amekaa mpaka mapumziko. Sasa wenzake wote wanataka mito. Mmoja amekuja na kuku."

Siku ya kikao ikafika. Nilipanda bodaboda kutoka Mbulu asubuhi, na barabara ilikuwa na matope, kwa hiyo sehemu ya safari bodaboda ndiyo iliyotupanda sisi. Nilifika nimechelewa, nimetapakaa udongo mpaka kwenye ushungi. Namkuta Mwalimu Mkuu uwanjani, mikono nyuma, anaangalia jiko la shule.

Jiko ni kibanda cha mabati na sufuria kubwa juu ya mafiga. Mbele ya sufuria, kwenye gogo, amekaa Fausta, ameiangalia sufuria bila kupepesa. Mwalimu Upendo amechuchumaa pembeni yake, macho mekundu. Mpishi, Mama Boay, mwanamke mwenye mikono ya kubeba ndoo mbili mbili, anakoroga makande huku akimkwepa.

"Umejionea, madam," Mwalimu Mkuu akasema. "Nimeingia darasani, somo la hesabu. Hakukaa hata kidogo. Ametoka mbio kuja kwenye chakula. Wazazi watasema nini? Kwamba shule yangu inafundishia jikoni?"

"Amekula asubuhi?" nikamuuliza Bibi Pascalina, aliyekuwa amekuja kikaoni na khanga yake mpya.

"Amekula viazi na maziwa. Huyu hana njaa. Mnamsingizia."

Nikachuchumaa. "Fausta. Unataka nini?"

Nikanyamaza, nikangoja, kama Dada Agripina alivyomfundisha Mzee Gidamis. Fausta akanyoosha kidole kwenye sufuria.

"Wa Fausta," akasema.

"Anataka apewe," Mama Boay akasema. "Maskini. Hayajaiva sawasawa, lakini mtoto ni mtoto." Akachota makande, akajaza bakuli la bati, akalifunika na kifuniko chake lisipoe, akampa.

Fausta akalipokea kwa mikono miwili. Hakufungua. Akaliweka mapajani, akalisogeza kidogo kushoto mpaka likakaa sawa, akashusha pumzi ndefu. Akatulia.

"Kwa nini hali?" Mwalimu Mkuu akauliza.

Mama Boay alikuwa ameinama kuipua sufuria ndogo ya chai ya walimu, na ili asiungue alikuwa ameishika kwa kitambaa kizuri cha kitenge, kimekunjwa mara mbili. Kitenge nilikuwa nakijua. Nilikuwa nimekishona mwenyewe.

"Mama Boay," nikasema, "hicho kitambaa umekipata wapi?"

"Hiki? Si ni mfuko wa mchango."

Nikueleze kama hujui shule za huku. Kila nyumba huchangia mahindi na maharage ya chakula cha mchana, na asubuhi mpishi hupita madarasani kukusanya wakati watoto wako mstarini. Siku ile Mama Boay alipita, akakuta kwenye benchi mfuko wa maharage, mzito, safi, umeshonwa mdomo.

"Wengine wanaleta kwenye mifuko ya sukari imetoboka," akasema. "Nikaona huu, nikasema bibi wa huyu mtoto ana heshima. Maharage yamechambuliwa, na mfuko wa kitenge juu. Nikaanza nayo hayo. Kwani kuna nini?"

"Ulikuwa mto," Mwalimu Upendo akasema.

"Mto gani?"

"Wa kuweka hapa." Akajipiga mapajani.

Mama Boay akaangalia sufuria. Akaangalia magoti ya Fausta na lile bakuli. Akaweka mwiko chini.

"Sasa mimi nimempikia mtoto kiti," akasema.

Bibi Pascalina ndiye aliyeanza kucheka, na alicheka kama alivyofanya mengine yote, kwa ufupi. Kisha akauliza, "Yameiva?"

"Yanaelekea kuiva, bibi. Yanaiva haraka hayo."

"Nilijua. Ni mbegu nzuri."

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alikuwa anamtazama Fausta, ambaye wakati wote huo wa kelele zetu hakuwa amesogea. Nikamwambia, "Mwalimu, ulisema akikaa somo moja. Naomba uturudishie somo."

"Mto umeshapikwa, madam."

"Umepikwa, lakini upo. Ameushika."

Akaangalia saa. Akaangalia lango, wazazi walikuwa wameanza kuingia. "Twendeni," akasema. "Lakini nitasimama nyuma."

Basi tukaenda, msafara mzima. Fausta mbele na bakuli lake, akilibeba wima kama mtu aliyepewa jambo la serikali. Akakaa. Akaliweka mapajani. Mwalimu Upendo akaanza upya hesabu za kutoa.

Nimeshuhudia mitihani mingi katika kazi hii, lakini hakuna uliokuwa mgumu kama ule, na mgumu kwa kila mtu isipokuwa mtahiniwa. Kifuniko kilikuwa hakijabana vizuri. Harufu ya makande yaliyotiwa kitunguu ilitoka taratibu, ikasambaa dawati kwa dawati. Watoto waliokuwa wanaangalia ubao wakaanza kuangalia bakuli. Mtoto mmoja alipoulizwa kuku saba ukitoa watatu wanabaki wangapi, alisema wanaliwa. Tumbo likalia mahali, sote tukasikia, na lilitoka nyuma. Nikageuka. Mwalimu Mkuu alikuwa anatazama dari.

Fausta alikaa. Mikono juu ya kifuniko, macho ubaoni. Hapo katikati Mwalimu Upendo akaandika hesabu, akamwita jina, akauliza mara moja, akanyamaza. Darasa zima likanyamaza naye.

"Nne," Fausta akasema.

Ilikuwa sahihi. Na makande hayakumwagika hata punje.

Tulipotoka, Mwalimu Mkuu alijifuta uso kwa leso kwa muda mrefu kuliko uso ulivyohitaji.

"Anabaki," akasema. "Nitawaambia wazazi mwenyewe. Ila madam, nakuomba kama ndugu yako: kitu kingine chochote, lakini chakula kisiingie tena darasani kwangu. Mimi pia ni binadamu."

Baada ya kikao, wazazi wakiwa wanakula, nilikaa na Dada Agripina kwenye simu nikimweleza kwamba sheria yake imeingia kwenye sufuria. Akasema sheria ni nzuri, tatizo ni kwamba nyumba inajua kazi ya maharage kuliko sisi. Tukafikiri kitu ambacho kila nyumba inacho lakini haiwezi kukila, kukipanda wala kukipika. Mchanga unavuja. Chumvi ng'ombe wataramba. Mama Boay, aliyekuwa anasikiliza bila kujificha, akanyanyuka akaenda mtoni.

Akarudi na ndoo ya changarawe za mviringo. Akaziosha, akazimwaga kwenye ungo, akakaa kuzichambua, kwa kuwa mikono yake haijui namna nyingine. Kwenye ungo yalikuwa yamebaki maharage machache ya asubuhi. Akawa anayaokota moja moja na kuyatupa pembeni.

"Miaka yote hii natoa mawe kwenye maharage," akasema. "Leo natoa maharage kwenye mawe. Shule hii imenifikisha pabaya."

Bibi Pascalina akazijaza kwenye mfuko uleule, akaushona mdomo. Fausta akaupima mapajani, akausogeza kushoto, akakubali.

Sasa ni msichana mkubwa, anasoma madarasa ya juu, na mto huo anautumia siku ngumu tu. Siku ya kuniaga pale kliniki alikuja na bibi yake. Nilikuwa nimekaa mbele nikisubiri kuitwa niseme neno, na sikujua kwamba magoti yangu yanacheza. Fausta aliyaona. Akaja mbele ya watu wote, akaniwekea mto mapajani, akausogeza kidogo kushoto. Ulikuwa mzito vizuri. Nikasema neno langu nikiwa nimekaa nao, na ndiyo sababu hotuba yangu ilieleweka.

Basi, na wewe utapata Fausta wako, pengine wiki hii. Chukua changarawe za mtoni za mviringo, zioshe, zianike mpaka zikauke kabisa, ujaze mfuko wa kitenge na ushone mdomo mara mbili. Na siku ya kumpeleka mtoto shuleni, kabla hujaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu, pita kwanza jikoni, msalimie mpishi, na umpe mto aushike.